Barua Isiyo na Jina Kuhusu Jaa la Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Ni mimi niliyeandika ile barua.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaenda kufunga mlango, kana kwamba inaweza kutoka yenyewe. Hakuna anayejua. Mama hajui, Mjomba hajui, na Bibi – Mungu nisaidie – Bibi ndiye wa mwisho anayepaswa kujua.

Imesomwa leo saa kumi jioni, kwenye mkutano wa mtaa. Ilikutwa ndani ya sanduku la maoni, haina jina. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa posta. Miaka thelathini amebeba barua za watu wengine, na nadhani hii ndiyo ya kwanza kuandikiwa yeye. Aliisoma mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyemwomba.

“Kwa heshima na taadhima,” alisoma, “naleta mbele yako suala la jaa lililo nyuma ya nyumba ya pili kutoka mwisho, ambalo harufu yake haijui mipaka ya ukuta.”

Nyumba ya pili kutoka mwisho ni yetu. Jaa ni la Bibi.

Kwa nini niliandika? Dirisha langu linatazamana nalo. Mama ni mpishi wa kantini ya kiwanda, na kila jioni anarudi na ndoo mbili za maganda, kwa sababu Bibi anaona uchungu kitu kikioza mahali pengine wakati yeye ana bustani. Bibi analiita jaa “benki yangu”. Mjomba analiita mlima. Mimi nimesema mezani mara tatu kwamba linanuka. Mara ya kwanza Mama alidhani naomba chumvi, akanisogezea. Mara ya pili Mjomba alisema nisigune nikiwa nakula. Mara ya tatu sikumaliza.

Basi nikaandika. Herufi kubwa, kila mstari kwa rula, ili mwandiko usijulikane. Nilidhani Mwenyekiti atamwita Bibi pembeni wayamalize. Sikujua ataisoma kama taarifa ya habari!

Uamuzi: siku kumi na nne. Jaa liondoke, tuweke pipa la mboji lenye mfuniko. Na kesi haifungwi mpaka mlalamikaji aandike tena kusema ameridhika. Mwenyekiti alisema malalamiko yameingia kwa maandishi, yatatoka kwa maandishi.

Yaani mimi tena.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba ameiazima barua. Sijui alimwambia nini Mwenyekiti, maana yule mzee aliitoa kama mtu anayetoa figo. Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi yake ni kuona ufa ambao wengine hawauoni. Aliiinua kwenye taa, akaigeuza, akainusa.

“Huyu mtu ana rula,” akasema. “Mtaa huu nani ana rula?”

Bibi aliweka kikombe chini polepole.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni fundi cherehani. Sisi tunamwita Fundi tu. Ana rula ya mbao ndefu kama fremu ya mlango. Na jaa liko upande wake.

Seti yangu ya hesabu ilikuwa juu ya friji. Rula imechomoza nje, imeandikwa jina langu kwa kalamu ya rangi. Hakuna aliyetazama huko.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Bibi alisema. Kwa kuwa mtuhumiwa ni mshona nguo, Mjomba aliipenda hiyo methali, akairudia mara mbili. Mimi nilikuwa katikati yao natafuna mkate.

Bibi na Fundi wanaongea ukutani kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa. Magoti, presha, ndoto, nani kaoa. Fundi ndiye aliyenishonea sare ya kwanza na sare ya mwisho.

Labda kesho itakuwa imepita.

Jumatano, 5 Machi

Haikupita. Fundi aliita, “Hodi ukutani, mwenzangu.” Bibi akaendelea kumwagilia, amempa mgongo. Akaita tena. Bibi akamwagilia mche uleule mpaka ukalala. Mara ya tatu Fundi hakuita. Nikasikia cherehani ikianza, mapema kuliko siku zote, inakwenda kwa hasira bila kupumzika.

Sikunywa chai.

Jioni ukawa mjadala wa pipa. Mama anataka la plastiki la dukani, lenye mfuniko, yaishe. Mjomba anataka kutengeneza mwenyewe, pipa la mafuta lililolazwa kwenye vyuma, lenye kishikio, unalizungusha na mboji inajichanganya. Bibi hataki pipa lolote. Akilazimishwa sana, atakubali sanduku la mbao lenye nafasi, kwa sababu mboji ni kitu hai, na kimefanya nini mpaka ukifungie kama mhalifu.

Saa nzima. Halafu Mama akasema, “Achague huyu. Shule kamaliza, matokeo hayajatoka, yupo tu.”

Hakuna aliyeniuliza. Nikasema sawa. Hiyo wakaisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda dukani. Wana mapipa ya mboji matatu, yote ya kijani, yamepangwa nje kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha.

Muuzaji alinionyesha la katikati. Mfuniko unabana. Chini halina kitako, ili nyungunyungu wapande kutoka ardhini. Ubavuni kuna kimlango cha kutolea mboji ikiwa tayari. Alisema pia kwamba halinuki kabisa. Akalifungua ninuse.

Ni kweli halikunuka. Lilikuwa tupu. Nilitaka kumwambia hata jaa la Bibi lingekuwa tupu lisingenuka. Nikasema asante.

Nilichouliza kwa sauti: linachukua lita ngapi? Akasema mia mbili. Nikauliza likijaa je? Akasema halijai, maganda yanashuka yenyewe. Nikauliza yanashuka kwa siku ngapi. Akaniuliza kama nimetumwa na mtu mzima.

Nyumbani nimepiga hesabu. Ndoo mbili za lita kumi kila siku ya kazi – lita mia kwa wiki, bila majani ya bustani. Yashuke yasishuke, mwezi hauishi pipa litakuwa limejaa mpaka mdomoni, na mboji inahitaji miezi. Hiyo miezi mingine Mama atapeleka wapi ndoo?

Nina mashaka na la plastiki.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hii nikijizuia kucheka, maana Mjomba yuko chumba cha pili na bado anajipaka sabuni.

Pipa la kuzungusha lilikamilika leo saa sita. Ni zuri, siwezi kukataa. Lina bawaba, komeo na kishikio cha mviringo. Mjomba alilijaza nusu kwa koleo, kutoka katikati ya mlima, sehemu ya zamani kabisa ambayo Bibi mwenyewe haigusi bila kujifunga kitambaa. Akatuita wote uani. Mama akaja na kiti.

Alieleza kwanza. Hewa, mzunguko, sayansi. Mimi nilikuwa nimeona kwamba komeo limeingia nusu. Nilisema, “Mjomba, komeo.” Nilisema mara mbili! Ya pili nilidhani nimepiga kelele. Mama anasema hakusikia kitu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili akaongeza kasi, kwa ajili ya watazamaji. Wa tatu mlango ulifunguka ukiwa juu, ukashuka ukiwa upande wake.

Alisimama tu, mikono imetanuka, ganda moja limekaa begani kama cheo cha jeshi. Bibi alisema sasa ameelewa, kitu kinazunguka na kila anayekizungusha anapata mgawo wake.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza. Nikasikia mtu anakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Bibi naye alisikia. Akageuza uso upesi kuelekea ukutani, mdomo tayari umefunguka kusema neno – halafu akakumbuka kwamba wamenuniana. Akaufunga.

Hapo kicheko changu kiliisha.

Jumapili, 9 Machi

Nimechimbua jaa kwa reki, kitambaa puani. Nataka kujua linanuka kwa nini hasa.

Nimejua. Ndani ni maganda juu ya maganda, yamelowana, yameshikana kama uji uliolala. Hakuna kikavu hata kimoja! Majani makavu Bibi huyafagia kila Jumamosi na kuyachoma, kwa usafi. Yaani anachoma dawa halafu anaulizia ugonjwa. Maji yanahitaji kikavu cha kuyanywa. Ndoo moja ya vibichi, ndoo mbili za vikavu – ndivyo kilivyosema kile kitabu cha kilimo cha kidato cha tatu, ambacho nilikikariri bila kunusa chochote.

Basi tungenunua pipa lenye mfuniko wa dhahabu, bado lingenuka.

Nimechagua. Sanduku la mbao lenye vyumba viwili. Kimoja kinajazwa, kingine kinaiva. Mfuniko wa bawaba, wavu wa waya chini kwa ajili ya panya, mbao za mbele za kuchomoa moja moja ili reki iingie. Mbao zipo, kiwanda cha Mama kinatupa masanduku ya mizigo. Bawaba zipo, za pipa la Mjomba. Wazo la Bibi, mfuniko wa Mama, vyuma vya Mjomba. Kila mtu atadhani ameshinda.

Kinachokosekana ni vikavu. Majani ya wiki moja hayatoshi mlima wote huu. Nimefikiria kutwa nzima nani ana vikavu vingi.

Nimempata. Sitaki kumwandika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Fundi.

Nilipita nyuma ili Bibi asinione. Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni na karatasi za kaki zimejaa sakafuni, zile anazochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Magunia mawili ya vipande yalikuwa kwenye kona, yanangoja kutupwa. Makavu kabisa. Nilitamani kuyakumbatia.

Niliomba. Hakuuliza ya nini. Alitoa pini moja moja.

“Wanasema mimi ndiye niliyeandika,” akasema. “Mimi, mwanangu, naandika kifua, kiuno na nyonga. Harufu sijawahi kuipima.”

Nikamuuliza kama kweli linanuka.

“Linanuka tangu mwaka juzi. Lakini rafiki ni rafiki, na pua ni pua.”

Halafu akaniuliza mimi nadhani ni nani. Ningesema sijui, ingetosha. Badala yake nilisema huenda ni mpita njia, au mtu anayependa usafi, au mtu wa kamati, au mgeni wa mtu, au mtu ambaye hakuwa na nia mbaya kabisa na sasa hivi huenda analia. Nikasikia jinsi ninavyoongea. Sijawahi kuongea mfululizo hivyo mbele ya mtu mzima.

Fundi alinitazama kama anavyotazama kitambaa kabla hajakikata. Akanifunga magunia kwa kamba na kunisaidia kuyatoa mlangoni.

Nyumbani nilisema nimeyatoa dukani.

Jumatano, 12 Machi

Sanduku limesimama! Mjomba alipiga misumari, mimi nikashika mbao na kusoma vipimo, Mama akaketi kwenye kiti chake akitoa maoni. Bibi alikataa kutazama mpaka saa tisa, kisha akaja kutuambia mbao ya kushoto imepinda. Kisha akaleta nyundo yake mwenyewe.

Tumeuhamisha mlima mzima. Tabaka la maganda, tabaka la majani, tabaka la karatasi. Bibi aliokota kipande kimoja cha kaki. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli: *kiuno 42*. Alikishika kwa muda. Mwandiko huo anaujua, umemshonea magauni yote.

Alikitia kwenye sanduku, taratibu, kwa mkono, sio kwa koleo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kusema. Mezani, baada ya kula, wakati Mjomba anachokonoa meno. Nilijiandaa mchana kutwa. Nilisema, “Ile barua.”

Wote wakageuka. Wote watatu! Sijazoea nyuso tatu kwa wakati mmoja. Nikasema, “Ile barua ilikuwa na mistari iliyonyooka.”

Mjomba akasema ndiyo, ndivyo alivyosema yeye tangu mwanzo.

Ijumaa, 14 Machi

Harufu imepungua. Nimelala dirisha wazi. Nilipaswa kufurahi.

Asubuhi Bibi alifika ukutani, akasimama, akaweka mkono juu ya ukuta pale mahali pake pa siku zote. Cherehani ilikuwa inaenda. Akaondoka.

Jumamosi, 15 Machi

Sielewi kilichotokea. Nakiandika kama nilivyokisikia.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya sanduku nageuza mboji. Bibi anafagia majani – hayachomi tena, ananiletea. Kichwa cha Fundi kikatokea juu ya ukuta.

“Mwenzangu, acha kuniadhibu kwa mgongo. Ni mimi.”

“Wewe nini?”

“Ile barua. Pua ilinishinda.”

Reki yangu iliganda. Mimi pia.

Bibi alifagia palepale mpaka nikahesabu nzi wanne. Kisha akasema, “Ungeniambia kwa mdomo.”

“Kwa mdomo ungenisikia?”

Bibi akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona kupitia mwanya wa mbao. “Nisingekusikia,” akasema.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Fundi akacheka upande wake, na Bibi akasema lakini uliandika vizuri, mchawi wewe, hiyo taadhima uliitoa wapi? Fundi akajibu kwamba mtu akichokozwa hupata maneno. Sasa hivi wako hapo ukutani, saa ya pili hii. Wana siku kumi za kulipia.

Hakuiandika! Mimi ndiye ninayejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hakuiandika. Amechukua kosa langu na kulivaa, na limemkaa vizuri.

Na mimi nilibaki nimechuchumaa. Ningeweza kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, lakini ningeweza.

Jumapili, 16 Machi

Nimeandika barua ya pili. Herufi kubwa, rula. *Mlalamikaji ameridhika na anawashukuru wenye nyumba, hasa aliyechagua sanduku.* Hiyo sehemu ya mwisho nimeifuta. Nimeandika upya bila hiyo.

Imo kwenye sanduku la maoni.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika haraka. Wako uani wote.

Kamati ilikuja saa kumi kukagua. Mwenyekiti aliingiza kichwa chake chote ndani ya sanduku, akakaa humo, akatoka akasema ananusa udongo baada ya mvua. Bibi alivimba kama mkate. Mjomba akaeleza bawaba. Mama akaeleza mfuniko. Aliyechagua hakutajwa, lakini sijali. Sijali sana.

Kisha Mwenyekiti akasoma barua ya pili. Sauti ilimtetemeka kidogo. Akamgeukia Fundi – maana mtaa mzima sasa unajua ni Fundi – akasema kamati haina katibu tangu mwezi wa kumi, na mwandishi wa namna hii kuachwa anapinda suruali ni hasara kwa umma. Watu wakapiga makofi. Bibi ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Kabla Fundi hajafungua mdomo, daftari la kamati lilikuwa mapajani mwake na kalamu mkononi, aandike kumbukumbu za leo, hapohapo, mbele ya wote.

Fundi aliishika ile kalamu kama mtu aliyepokezwa mtoto wa mwenzake anayelia. Alitazama karatasi. Akatazama mbingu. Akasema miwani ameiacha. Mwenyekiti akamvulia yake.

Basi Fundi akanyoosha kidole. Kwangu.

“Mimi nasema, huyu anaandika,” alisema. “Ndivyo tulivyofanya hata mara ya kwanza.”

Mama alisimama na sinia la vikombe katikati ya ua. Mjomba alifumba jicho moja, lile la kutafutia ufa. Na Bibi akanigeukia polepole, mwili mzima, mpaka nikajiona mdogo ndani ya macho yake yote mawili.

Nilisema naenda kuleta karatasi. Daftari lilikuwa palepale, lina kurasa mia mbili.

Kwa hiyo niko chumbani natafuta karatasi, na huku naandika kwenye karatasi.

Fundi anajua? Kama anajua, tangu lini, tangu pini zilipokuwa mdomoni? Na kama anajua, hapo amenificha au amenitoa? Kwa sasa mimi ni mjukuu aliyekaa kwa jirani akaandikishwa kumsema bibi yake mwenyewe. Ni uongo. Ukweli ni mbaya zaidi.

Kuna nyayo mlangoni. Ni ndala za Bibi. Anasema, “Mjukuu wangu, toka. Mwenyekiti anasubiri.” Kisha, chini zaidi, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti kama yangu: “Na mimi nina swali langu. Niambie kwa mdomo, nitasikia.”

Kitasa kinageuka.

Habari nzima unayo wewe peke yako. Nakutia chini ya godoro sasa. Usimwambie mtu mpaka nimeamua niseme ipi. Ukiulizwa, wewe ni daftari la hesabu.